Nyuzi Sita za Pambo la Mlangoni

Mwaka mzima, Mama, msumari wa mlangoni kwetu ulibaki mtupu. Wapita njia waliozoea kutazama mlango wako ili wajue msimu umegeuka walikuwa wakituuliza, "Mbona hamjabadilisha?" Tukawaambia kwamba bado.

Kalamu ameishika mkweo, kwa sababu mwandiko wake unasomeka, lakini maneno ni yetu sote. Mumeo amekaa pembeni, na kila baada ya sentensi mbili anasema, "Hilo futa." Hatufuti. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akikuonyesha kazi yake halafu anaficha upande wa nyuma, ujue ameharibu. Sisi mwaka huu tuliharibu, tena vibaya, na tunataka usikie kutoka kwetu kabla jirani hajakuletea habari huko kaburini.

Kwanza tuseme ulivyokuwa, kwa wasiokujua.

Ulikuwa fundi wa vitu vidogo. Mvua zilipoanza, mlangoni palining'inia shada la vitambaa vya miavuli iliyovunjika, vyeusi na vya maua. Baridi ilipoingia, ulifumua sweta kuukuu ukatengeneza vifundo vya sufu, vinono, ambavyo kila mtoto wa mtaani lazima avibonyeze akipita. Joto likija ilikuwa zamu ya majani makavu na maganda ya mbegu, uliyoyaokota njiani ukitoka sokoni, umeinama katikati ya watu bila aibu huku sisi tukijifanya hatukujui. Wakati wa mavuno yalikuja maua ya maganda ya mahindi, uliyoyalainisha kwenye maji ya uvuguvugu na kuyakunja moja moja. Dukani hukununua kitu ila gundi, na hata hiyo gundi uliisema vibaya kila siku.

Ulikuwa na jambo moja lililotukera, na sasa ndilo linalotutoa machozi. Kila ulipofika kwenye fundo uliita, nyumba nzima isikie, "Nani ana kidole?" Mtu awe anaoga, awe anakula, awe anagombana na mwenzake, ilibidi aje akandamize uzi kwa kidole mpaka ukaze. Mwanao mkubwa alikuuliza siku moja kama kweli huwezi kufunga fundo peke yako. Ukamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, ukaushika mkono wake ukauweka pale ulipotaka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, fundi umeme wa kuheshimika, na alikuja na taulo.

Miezi yako ya mwisho, kifua kilipokubana hata kizingiti kikawa mlima, ulitengeneza pambo moja tu. Ulichukua mshikio wa ndoo iliyotoboka, ukaukunja duara, ukaligawa robo nne: miavuli, sufu, majani, maganda ya mahindi. Misimu yote mahali pamoja. "Nawajua," ulimwambia mumeo. "Nikiondoka hakuna atakayekumbuka kubadilisha." Kisha pembezoni mwa duara ukaacha nyuzi sita zinaning'inia, rangi ya kutu, kila mmoja na urefu wake, na ukamwachia mumeo maneno aliyoyatunza kuliko anavyotunza meno yake.

"Msilifungue mpaka mwaka uishe," ulisema. "Sasa hivi mtakuwa mnalia, mikono itatetemeka, mtaniharibia kazi. Mwaka ukiisha, kila mtu afunge uzi wake, ndipo mlitundike."

Ukamtajia uzi upi ni wa nani, kuanzia juu kuzunguka. Pambo likaviringishwa kwenye foronya, likaingia kwenye boksi la viatu, na boksi likaingia chini ya kitanda. Aliyejua ni mumeo peke yake.

Sasa sikia habari ya kitinda mimba wako. Ametusimulia mwenyewe, yote, hata pale penye aibu, ndiyo maana tunaweza kukueleza alichokuwa anawaza.

Unaijua kazi yake. Miaka sita amekaa meza ya mwisho kwenye kiwanda cha kushona sare, pale nguo zinapopita kabla ya kukunjwa, na kazi yake ni moja: kukata nyuzi zilizobaki. Mashati mia nne kwa siku, mkasi mdogo mfukoni mwa aproni. "Uzi unaoning'inia ni kosa," msimamizi wao huwaambia, "na kosa hurudi na nguo." Mkono wake umezoea mpaka unakwenda wenyewe. Amewahi kumkata mtu uzi wa mkono wa koti kwenye foleni ya benki, mtu asiyemjua, na yule mtu akafikiri anaibiwa. Kaka yake humwita Bi Mkasi.

Siku ya tatu ya msiba wako, wanawake wamejaa sebuleni, aliingia chumbani kwako kutafuta shuka. Akainama chini ya kitanda, akaliona boksi, akalifungua. Alipoona pambo alikaa sakafuni. Kisha akaziona nyuzi. Wewe hukuwahi kuacha uzi upande wa mbele, hata siku moja, na hapa zilikuwa sita, nyingine ndefu nyingine fupi, bila mpango. Akakumbuka jinsi kikombe kilivyokuwa kikitetemeka mkononi mwako wiki za mwisho. Akajiambia: mikono ilimwishia.

Na huko sebuleni jirani yetu wa mlango wa pili, kwa ile sauti yake ya tarumbeta, alikuwa akisema angependa sana kuiona kazi ya mwisho ya marehemu. Unamjua. Miaka ishirini hakuna pambo lako alilolipita bila kusema, "Limekaa upande."

Kitinda mimba wako hakutaka akuone umeshindwa. Alitoa mkasi mfukoni, akazikata zote sita, karibu kabisa na kitambaa, kama anavyofanya kazini. Alizifagia nyuzi pamoja na vumbi la chini ya kitanda, akarudisha kila kitu mahali pake. Alipotoka, anasema, ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kuhisi kwamba amekufanyia jambo.

Mwaka ukaenda. Mumeo akawa mtu wa maneno matatu kwa siku. Mwanao mkubwa alileta kalenda, akaitundika kwenye ule msumari wa mlangoni, na mzee akaitoa, akamrudishia mkononi. Alikula kidogo. Alivaa koti lile lile. Lakini mara moja moja, katikati ya kimya, alisema, "Bado miezi minne," au, "Bado miezi miwili," na tulidhani anahesabu siku za kwenda kaburini, tukamwacha.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, Jumapili, tukiwa mezani, alifungua mdomo akazungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Akatueleza habari ya boksi. Akatueleza maneno yako. Uso wake, Mama, tungependa ungeuona. Mwanao mkubwa alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Nyuzi sita," mzee alisema, akihesabu kwa vidole. "Mimi. Wewe. Mkeo. Mtoto wenu. Mdogo wako hapa. Na wa sita..." Akahamia mkono wa pili. "Wa sita ni wa jirani."

"Jirani!" tukasema kwa pamoja.

"Ndivyo alivyosema. Alisema mtu aliyeangalia kazi yako miaka ishirini ni wa nyumbani, hata kama hajawahi kuisifu."

Mkweo, ambaye hakuwa na hakika kama angehesabiwa, alikuwa bado anajifuta macho alipomwona wifi yake. "Mbona huli?"

"Nimeshiba," kitinda mimba akajibu. Sahani yake ilikuwa haijapakuliwa kitu.

Siku tatu alijidanganya. Labda nilikata nusu tu. Labda zimebaki za kutosha kufunga. Alhamisi akaomba ruhusa kazini akisingizia jino, akangoja mzee aende kwa kinyozi, akaingia chumbani na kulivuta boksi. Akafunua foronya. Nyuzi zilizobaki zilikuwa fupi kuliko punje ya mchele. Zilikatwa vizuri sana, zote sawa. Msimamizi angemsifu.

Hapo ndipo akasikia kikohozi cha mzee mlangoni. Kwa kinyozi kulikuwa na foleni, na mumeo na foleni unawajua.

Alilifunika boksi, akalisukuma chini ya kitanda, na mlango ukafunguka akiwa bado amepiga magoti.

"Unatafuta nini huko?"

"Panya, Baba. Nimesikia panya."

Ni uongo wa hovyo kuliko wote ambao angeweza kuuchagua. Mzee alibadilika rangi. Alipiga magoti na yeye, kwa shida, akalitoa boksi, akaligeuza huku na huku akitafuta tundu. Akalitikisa taratibu karibu na sikio. Kisha akashika kifuniko. Kitinda mimba alikuwa tayari ameshafumbua mdomo.

"Hapana," mzee akajiambia mwenyewe. "Niliahidi." Akaliweka boksi juu ya kabati, mbali, na kuanzia siku ile akawa haondoki nyumbani ila kwa jambo la lazima. Alinunua mitego miwili ya panya. Kila asubuhi aliikagua, na kila asubuhi alishangaa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kumbe aliye juu yake huiona ndefu. Kitinda mimba aliamua kwamba atatengeneza nyuzi nyingine, azishonee pale pale, na dunia haitajua. Uzi mweupe alikuwa nao. Tatizo lilikuwa ile rangi yako. Alijua unachemsha maganda ya vitunguu na msumari wenye kutu. Hakujua maganda kiasi gani, wala msumari unakaa muda gani, kwa sababu kila ulipotaka kumfundisha alikuwa na haraka. Chungu cha kwanza kilitoa rangi ya njano, kama dawa ya kikohozi. Cha pili kikatoa kahawia ya maji ya matope. Cha tatu aliusahau msumari ndani, uzi ukatoka karibu mweusi. Kwa wiki nzima nyumba ilinuka vitunguu, na mzee aliuliza mara mbili mchuzi utaiva lini.

Mkweo alimkuta jikoni siku ya chungu cha nne, ameinama juu ya sufuria, macho mekundu.

"Wifi, hivi ni vitunguu vya harusi ya nani?"

Kitinda mimba alitaka kucheka, akalia. Akasema yote, amesimama, mwiko mkononi. Mkweo alizima jiko, akavuta kiti, akakaa.

"Mwambie Baba," akasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Usimwambie kaka."

"Wifi yangu, mimi silali na siri. Nalala na kaka yako." Kisha, kwa upole zaidi, "Sitasema. Lakini siku ikifika ukanyamaza, na mimi nitakuwa nimekata pamoja na wewe. Unanielewa? Unanitia mkasi mkononi."

Alielewa. Alikuwa anamwogopa kaka yake, hilo ni kweli, lakini hofu yake kubwa haikuwa hiyo. Alimwona baba yake anavyoamka. Mzee alikuwa ameanza kunyoa ndevu kila siku. Alikuwa amerudia kula. Jumanne alimsikia akipiga mluzi chooni, mluzi wake wa zamani, ambao ulikuwa umezikwa pamoja na wewe. Nyuzi sita ndizo zilizokuwa zimemshikilia huyu mzee mwaka mzima, na yeye ndiye aliyezikata. Akimwambia, je, ataanguka? Angetaka apigwe, afukuzwe, asemwe mtaa mzima, mradi mzee asirudi kwenye maneno yake matatu.

Alasiri ya kuamkia siku yenyewe, mzee alikwenda mlango wa pili kumwalika jirani rasmi. Alivaa koti. Kumwalika jirani ni kazi ya saa nzima, kwa kuwa lazima kwanza usikilize. Kitinda mimba akapanda kiti, akashusha boksi, akakaa dirishani penye mwanga. Katika vyungu vyote, kile cha nne ndicho kilichokaribia rangi yako. Akatunga sindano, akashona uzi wa kwanza, wa juu, wa baba yake. Akaweka pambo kwa mbali, akalitazama.

Ulikaa vizuri. Ulikaa vizuri kabisa. Mikono yake ni mikono yako, Mama, ukiondoa haraka. Hata jirani asingeona.

Na hapo ndipo alipoogopa kweli. Aliona kesho yake: mzee amesimama mbele ya watu, anakaza fundo kwenye uzi ambao hukuugusa, anadhani ni wewe, labda analia, labda anacheka, na yeye amesimama pale akimtazama, peke yake anajua. Na keshokutwa. Na kila akipita mlangoni, miaka yote. Zilibaki tano. Nusu saa ingetosha. Alikaa na sindano mkononi mpaka akasikia sauti ya jirani imeanza kuaga, na sauti ya jirani kuaga ni robo saa nyingine. Akaufumua ule uzi. Kitundu cha sindano kikabaki. Akarudisha boksi juu ya kabati, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Asubuhi tulikusanyika sebuleni. Mjukuu wako amevaa gauni lake la bluu. Jirani amekuja mapema, amekaa kiti cha mbele, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Tangu mzee amwambie ana uzi wake alikuwa hajatoa kasoro ya kitu chochote, na hilo peke yake lilitutia wasiwasi. Mzee akaleta boksi. Akaliweka mezani. Akafuta kifuniko kwa kiganja.

"Baba, usifungue kwanza," kitinda mimba akasema.

Mzee akamtazama.

"Nyuzi hazipo. Nilizikata mimi. Siku ya tatu ya msiba. Sikujua. Na hapakuwa na panya."

Mwanao mkubwa alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma. "Umefanya nini?"

"Nilizikata."

"Kwa mkasi wako huo! Huyu mzee anahesabu siku mwaka mzima, unamwona, unamsikia, halafu wewe..."

"Mimi nilijua," mkweo akasema. "Tangu wiki iliyopita."

Mumewe akamgeukia. Hatutaandika alichosema. Mzee aliinua mkono.

Akafungua boksi. Akatoa pambo kwenye foronya, akaliinua, na kwa muda hakuangalia nyuzi, aliangalia kazi yako tu. Kisha akapitisha kidole gumba pembezoni, taratibu, kuanzia juu kuzunguka. Moja. Mbili. Tukamwona anahesabu kwa midomo. Kwenye ya sita kidole kikasimama.

"Kwa nini?"

"Nilidhani mikono ilikuwa imemwishia," kitinda mimba akasema. "Zilikuwa haziko sawa, nyingine ndefu, nyingine fupi. Sikutaka watu waone. Sikutaka jirani aone."

"Mimi?" jirani akasema.

"Hazikuwa sawa," mzee akarudia. "Alizipima siku mbili zile nyuzi. Siku mbili, mwanangu, na pumzi hana. Wangu mfupi, kwa sababu nimezoea kufunga kamba. Wa kaka yako mfupi vile vile, fundi." Akaweka kidole pale pa tano. "Wako ulikuwa mrefu kuliko zote. Alisema, huyu mikono yake ina haraka, muachie nafasi ya kukosea."

Kitinda mimba alikaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, palepale sakafuni.

Mzee akatoka. Alikwenda mlangoni, akasimama ametugeuzia mgongo, akaushika ule msumari. Mwanao mkubwa alitaka kumfuata, mkewe akamvuta shati. Mjukuu wako akauliza, "Babu amekasirika?" lakini hatukujua, na kila mmoja wetu alikuwa akiwaza lile lile: kwamba akirudi kukaa, hatasema tena. Tulisikia maji yanadondoka jikoni kwenye bomba ambalo mwanao ameahidi kulitengeneza.

Akarudi. Akavuta kiti chake.

"Huo uzi uliokuwa unauchemsha uko wapi?"

Kitinda mimba akainua uso. "Ulijua?"

"Nimenusa vitunguu wiki nzima na sijaona mchuzi. Mpaka leo nilidhani ni dawa ya panya. Lete."

Akaleta nyuzi za vyungu vyote vinne, za njano mpaka nyeusi. Mzee akachagua ule wa njano, wa kwanza kabisa, ulioharibika. Akajaribu kuuunganisha na kale kauzi kako kafupi ka juu, ambako ni kake. Kakateleza. Akajaribu tena. Vidole vyake si vya kazi hiyo, na kauzi kenyewe hakashikiki: ukikashika huwezi kuzungusha, ukizungusha kanaponyoka. Mara ya tatu kakaponyoka tena. Akauweka uzi mezani. Bila kumtazama mtu, akasema:

"Nani ana kidole?"

Mwaka mzima neno hilo lilikuwa halijasemwa nyumbani humu. Tulihisi kama umeingia.

Aliyesogea kwanza alikuwa mwanao mkubwa, yule yule mwenye hasira. Alipiga magoti kando ya meza, akakandamiza kale kauzi kwa ukucha, na baba yake akazungusha, akakaza. Fundo la kwanza likashika. Kisha mzee akamkandamizia yeye. Mkweo akakandamiziwa na mumewe, wakiwa hawajasemezana bado, vichwa vimegusana. Mjukuu alikandamiziwa na jirani. Jirani, zamu yake ilipofika, alisema hajawahi kufunga kitu kizuri maishani mwake, na sote tukatazama pembeni ili alie kwa nafasi.

Mama, hapana hata mmoja aliyefunga peke yake. Kama nyuzi zingekuwepo, kila mtu angefunga wake, akarudi kwenye kiti chake. Hatusemi kwamba ilikuwa heri zikatwe. Mzee amesisitiza tuandike hivyo: haikuwa heri. Tungezitaka zile zako.

Wa mwisho alikuwa kitinda mimba. Alichagua ule uzi mweusi, akakata kipande kirefu, kirefu kupita kiasi. Baba yake akaweka kidole. Akakosea mara ya kwanza. Akakosea mara ya pili. Mzee hakuondoa kidole, alingoja tu. Mara ya tatu likashika, na ncha za uzi zikabaki zinaning'inia, karibu shibiri nzima, upande wa mbele, mbele ya macho ya watu.

Mkono wake ukaenda mfukoni. Wenyewe, kama kawaida. Tukauona mkasi umetoka. Na yeye akautazama mkasi kama anashangaa umefikaje pale, akaulaza mezani, akausukuma mbali.

Tukalitundika. Tulirudi nyuma hatua tatu, mpaka barabarani, sote sita, kulitazama. Mafundo yanaonekana. Rangi ni nne na hakuna hata moja iliyo yako. Tukamngoja jirani. Tulimngoja mpaka mzee akamgeukia mwenyewe na kumwuliza, "Enhe?"

"Limekaa upande," jirani akasema, huku analia.

Mumeo akacheka, Mama. Akacheka akashika mbavu.

Mpaka leo bado ni mzee wa maneno machache, tusikudanganye. Lakini asubuhi akifungua mlango anaugusa ule uzi mrefu mweusi, na kitinda mimba akirudi kazini anaugusa na yeye, halafu anaweka mikono mifukoni.

Unakumbukwa na mumeo, anayesema sifa zimezidi na ungekasirika, mwanao mkubwa, ambaye bomba atalitengeneza, mkweo, uliyemhesabu, mjukuu wako, ambaye sasa anaokota maganda ya mbegu njiani na sisi tunajifanya hatumjui, jirani, aliyetaka atajwe, na kitinda mimba wako, ambaye uzi wake ndio mrefu kuliko zote, kama ulivyotaka.

Maadamu mlango huu unafunguka, wewe hutasahaulika. Na huko uliko, ukifika kwenye fundo, ita tu, Mama. Vidole tunavyo.